Shabiki Mwenzangu, Mtoto Yule Anakusikia

Kuna kelele ambazo mtu huzipiga uwanjani akidhani zitapeperushwa na upepo. Msomaji mpendwa, mimi nilipiga kelele ya aina hiyo Jumamosi moja ya muhula wa kwanza mwaka uliopita, katika uwanja wa shule moja isiyo mbali na mji wa Bungoma, na mpaka leo haijapeperuka. Naomba niungame, kwani najua sikuwa peke yangu. Huenda hata wewe unayesoma haya huku ukinywa chai ya Jumapili umewahi kukosea kama nilivyokosea mimi.

Kwanza nikueleze hali ilivyo. Katika pande zetu hizi za Bungoma na Kitale, mpira wa vikapu ni mdogo wa michezo mingine. Ukiitaja Friends School Kamusinga, shule iliyoanzishwa na Wakwekari mwaka wa 1957, watu wataanza kukusimulia habari za mpira wa magongo. Ukienda Kitale ukaitaja Wiyeta, utaambiwa habari za kandanda ya wasichana. Raga nayo ina wazimu wake. Mpira wa vikapu huja nyuma ya hiyo yote, kama kitindamimba anayevalishwa nguo zilizowabana ndugu zake wakubwa.

Hata hivyo, sisi tunaoupenda twaupenda kwelikweli. Uwanja wenyewe mara nyingi ni saruji iliyopasuka, mistari yake imefifia, na ringi moja imeinama kidogo kwa sababu vijana wa kidato cha kwanza waliining'inia. Hakuna paa wala viti. Muhula huanza kwa jua na vumbi, na ifikapo Machi mawingu hujikusanya upande wa Mlima Elgon, mvua ikanyesha, mechi ikasimamishwa huku wanafunzi wakisukuma maji kwa mifagio na magunia. Matokeo huonyeshwa kwa vibao vya kadibodi vinavyogeuzwa na mwanafunzi mezani, na saa ya mchezo imo mkononi mwa mwalimu.

Tena nafasi ni finyu. Timu huanzia kaunti ndogo, ikapanda hadi kaunti, kisha kanda, halafu taifa, na walio bora huenda mashindano ya Afrika Mashariki. Mtu wa Bungoma yuko kanda ya Magharibi, naye jirani yake wa Kitale yuko Bonde la Ufa, kwa hiyo shule ambazo matatu huziunganisha kwa safari fupi haziwezi kukutana katika mashindano haya mpaka zifike fainali za taifa. Timu ikitolewa mapema, mwaka umekwisha. Mchezaji wa kidato cha nne akitolewa, si mwaka tu uliokwisha, bali hata jezi anaivua kwa heri. Ndiyo maana roho zetu mashabiki huwa juu juu.

Sheria za kimataifa zasema uwanja uwe na urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na ringi iwe mita 3.05 kutoka chini. Zasema pia kwamba kuzunguka uwanja kuwe na nafasi ya mita 2 isiyo na kizuizi chochote. Mita hizo 2 ndizo sisi mashabiki wa huku hatujapata kuziheshimu. Twasimama vidole vya miguu vikigusa mstari. Katika kandanda, ukimtukana mchezaji aliye katikati ya uwanja, yeye ataona tu mdomo wako ukifunguka na kufunga. Katika vikapu vya shule, mchezaji akupitaye anasikia hata karanga unazozitafuna.

Sasa sikiliza kisa.

Ilikuwa fainali ya wasichana. Timu niliyoishangilia ilikuwa nyuma kwa pointi moja, 31 kwa 30, na mwalimu mwenye saa akapaza sauti kwamba zimebaki sekunde 4. Msichana aliyevaa jezi namba 9 akaunyakua mpira, akaudundisha hadi chini ya ubao, akaangushwa. Filimbi ikalia. Refa akainua vidole viwili: mitupo miwili ya bure, kila mmoja una thamani ya pointi moja. Akipata mmoja, ni sare na dakika 5 za nyongeza. Akipata yote miwili, kombe ni letu.

Mstari wa mtupo huo uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao. Mtupaji hupewa sekunde 5 na hakuna wa kumzuia. Ukiangalia kwa nje unadhani ni kazi ya mtoto mchanga. Wanafunzi wa upande wa pili wakakimbilia nyuma ya ubao, wakapiga ndoo na kupunga sweta zao hewani. Msichana akadundisha mpira mara mbili, akatupa. Mpira ukagonga ukingo wa mbele wa ringi, ukarudi.

Hapo ndipo shetani aliponipanda kichwani. Nikapiga ukelele kwa sauti yangu yote: "Mtoeni huyo! Nani alimweka ndani? Hiyo mikono ni ya jembe!"

Watu wakacheka. Nakiri kwamba kicheko kile kilinifurahisha. Isitoshe, sikuwa nimesema lolote la maana, kwani mchezaji aliyechezewa vibaya sharti atupe mwenyewe maadamu hakuumia. Shabiki mwenye hasira huzijua sheria zote isipokuwa ile inayohusika. Msichana akageuza shingo kidogo upande wetu, kisha akautazama tena ubao. Mtupo wa pili haukugusa hata ringi. Mechi ikaisha 31 kwa 30.

Kando yangu alisimama mzee mmoja aliyevaa kofia ya kahawia, ameushika usukani wa baiskeli yake, na kwenye kibebeo amefunga mfuko kwa mpira wa tairi kuukuu. Muda wote wa mchezo hakuwa amesema neno. Akanigeukia polepole.

"Kijana," akasema, "ni kweli hiyo mikono ni ya jembe. Jembe lenyewe mimi ndiye niliyempa. Huyo ni mtoto wangu."

Msomaji, umewahi kutamani ardhi ipasuke? Nikababaika, "Nisamehe, mzee. Sikujua."

"Mimi hukunitaja," akanijibu. "Hukunikosea mimi."

Akanieleza, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ameendesha baiskeli tangu asubuhi kutoka upande wa Chwele. Binti yake alikuwa akimwomba ruhusa ya kucheza tangu kidato cha pili, naye akikataa, akiamini kwamba mpira hupoteza watoto. Mwalimu wa michezo, mama mmoja mwenye subira, alimpigia simu mara mbili akimsihi aje atazame kwa macho yake kabla ya kuamua. "Basi nikaja," akasema, "nione kama ni kitu cha mtoto wa mtu. Sasa nimeona."

Nikaenda kumtafuta yule msichana. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya basi la shule, anafungua kamba za viatu ambavyo dhahiri vilikuwa vya kuazima, kwani vilimpwaya. Nikamwambia, "Dadangu mdogo, mimi ndiye niliyepiga zile kelele. Nimekuja kukuomba msamaha."

Hakuinua macho. "Najua ni wewe. Nilikuona." Kisha baada ya kitambo, "Kwa mazoezi huwa natia saba kwa kumi."

Hilo tu. Baba yake akafika, akaufungua ule mfuko. Mlikuwa na ndizi mbivu na karanga za kukaanga. "Kula kwanza, mama," akamwambia. Mimi nikaondoka kama mbwa aliyemwagiwa maji.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza sana kuhusu sisi mashabiki. Mchezo huu haukubuniwa na matajiri wa kuuza tiketi. Ulibuniwa na mwalimu, James Naismith, mnamo Desemba 1891 huko Springfield, Marekani, akitafuta mchezo wa kuwachangamsha vijana ndani ya jumba wakati wa baridi kali. Alitundika vikapu vya matunda kwenye roshani ya jumba la mazoezi, na kwa kuwa roshani ilikuwa futi 10 kutoka chini, mpaka leo ringi iko hapo hapo, hizo mita 3.05 tulizozitaja. Wasichana nao hawakukawia. Mwezi Machi 1893, katika Chuo cha Smith, mwalimu Senda Berenson aliwapanga wasichana wake wakacheza mechi iliyoingia katika historia. Na unajua sharti lililowekwa siku hiyo? Wanaume hawakuruhusiwa kuingia kutazama.

Zamani nilipolisoma jambo hilo nilicheka, nikaona ni ushamba wa kale. Siku hizi sicheki sana. Nadhani ningestahili kuwa miongoni mwa waliofungiwa nje.

Hebu tuutazame ule mtupo wenyewe. Shaquille O'Neal, jitu lililotikisa ringi za Marekani kuanzia mwaka wa 1992 na kutwaa ubingwa wa NBA mara nne, alitia takriban mitupo 53 tu katika kila 100 ya bure katika maisha yake yote ya ligi. Huyo alikuwa mtu mzima aliyelipwa mamilioni ya dola, mwenye makocha wa kumfunza mtupo peke yake, na uwanja wenye paa. Msichana wetu ana umri wa miaka 16 au 17, amevaa viatu vya kuazima, anatupa kwenye ringi iliyoinama baada ya kukimbia dakika 40 chini ya jua. Saba kwa kumi aliyokuwa akiyapata mazoezini ni mengi kuliko ya O'Neal!

Kwa nini basi mazoezini aingize saba na mbele yetu akose yote mawili? Kwa sababu wakati wa mtupo wa bure mchezo husimama. Mchezaji akikimbia hana nafasi ya kusikia. Akisimama kwenye ule mstari, kila neno linamfikia. Sheria zinawakataza wachezaji wapinzani kumsumbua mtupaji kwa vitendo vyao. Mashabiki tumeachiwa dhamiri zetu tu, nasi mara nyingi huziacha langoni.

Wengi wetu twaukumbuka mwezi wa Februari 2021. Timu ya taifa ya Kenya ilikutana na Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, jijini Yaounde. Katika sekunde za mwisho Tylor Ongwae alitupa mpira akiwa anaegemea nyuma, ukaingia, Kenya ikashinda 74 kwa 73. Ushindi huo ulitufungulia mlango wa mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1993, tulipokuwa wenyeji jijini Nairobi na kumaliza wa nne. Tuliimba, tukapiga simu usiku, tukasema "kijana wetu". Lakini mpira ule ungegonga ukingo na kurudi, tungesemaje? Najijua. Na nafikiri nawe wajijua. Mkono ulioingiza na mkono uliokosa huinuliwa kwa ujasiri ule ule. Tofauti huwa upana wa vidole viwili.

Mzazi anayesoma haya ataniuliza, kama alivyoniuliza mzee yule: mpira utampa mtoto nini? Swali ni la haki, kwani karo si mchezo. Sitakudanganya kwamba kila mtoto atakuwa Ongwae. Lakini hata serikali imebadili mawazo. Katika mtaala mpya, wanafunzi wanaoingia Gredi ya 10 huchagua kati ya mikondo mitatu, na mmoja wa mikondo hiyo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kile tulichozoea kukiita kupoteza wakati kimekuwa somo. Na kabla ya hayo yote, mtoto aliyejifunza kusimama kwenye ule mstari, magoti yakitetemeka, akatupa, amejifunza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha hesabu. Ila lazima tumwache ajifunze.

Simaanishi kwamba tukae kimya kama walio matangani. La hasha! Mechi ya Bungoma bila kelele si mechi. Nani asiyezipenda zile nyimbo za wanafunzi, zenye mahadhi ya kwetu, filimbi na ndoo zikigongwa mpaka walimu wenyewe wakacheza? Mpigieni makofi aliyefunga, mwiteni refa kipofu ikiwa hamna budi, kwani refa ni mtu mzima na amezoea. Lakini tuweke mipaka michache.

Kwanza, tuwape watoto zile mita 2 zao. Mwalimu wa michezo achore mstari wa chokaa nje ya mstari wa uwanja, na atakayeuvuka arudishwe, awe mwanafunzi, mzazi au mheshimiwa.

Pili, tuushangilie mchezo, tusiguse mwili wa mtoto, nyumba yao wala kazi ya wazazi wake. Nilipoitaja mikono ya jembe, sikumtukana mchezaji peke yake. Nilimtukana baba aliyemlipia karo kwa jembe hilo hilo, naye amesimama kando yangu. Katika viwanja vyetu vya shule, hujui kamwe ni nani aliye kando yako.

Tatu, mchezaji wetu akikosa, sauti ya kwanza kumfikia iwe ya kumpa moyo. Wapinzani wana haki ya kupiga ndoo. Sisi tulio wake hatuna haki ya kuwasaidia.

Nne, wazazi, njooni. Mechi nyingi nilizoziona zina mashabiki mia na wazazi wasiozidi watano. Uwanja ukiwa na akina baba na akina mama, hata midomo ya watu kama mimi huwa na adabu.

Sasa utaniuliza, je, yule msichana alirudi uwanjani?

Mwaka huu muhula wa kwanza nilikwenda tena. Yeye sasa yuko kidato cha nne. Niliitafuta jezi namba 9 nikaiona imevaliwa na msichana mwingine, mfupi, mwepesi. Moyo ukanipasuka, nikasema, yule mzee alitimiza neno lake. Kumbe sivyo. Nilipogeuka nikamwona msichana wangu ameketi kwenye meza ya waamuzi, ndiye anayegeuza vile vibao vya kadibodi.

Nikamwendea mwalimu wa michezo, nikamwuliza kama baba alikataa. Mwalimu akatikisa kichwa. "Baba yake aliruhusu," akaniambia. "Alinipigia mwenyewe, akasema mtoto aendelee. Aliyekataa ni yeye mwenyewe. Jioni wenzake wakienda kula, yeye hubaki uwanjani akitupa peke yake. Na anatia, usinione hivi! Lakini mtu akisimama kutazama, anauweka mpira chini."

Sikuwa na la kusema. Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki, nami siku hiyo niliyaona yakiwa yamemwagika mbele ya macho yangu, kwenye saruji.

Nilisimama hatua mbili kamili nyuma ya mstari mpaka mechi ilipokwisha. Msichana mpya wa jezi namba 9 alipewa mitupo miwili ya bure katika robo ya tatu. Akakosa wa kwanza. Nikasikia sauti ya kijana mmoja nyuma yangu ikianza, "Mtoeni hu..." Nikamgeukia, nikamshika bega, nikamwambia, "Ndugu yangu, ngoja. Acha atupe."

Wa pili uliingia. Nilipotazama mezani, yule mwenye vibao alikuwa ameinuka nusu kitini. Akaketi upesi, akageuza kibao.

Bado ana muda kidogo kabla ya kumaliza shule. Sijui kama atavaa jezi tena. Ninachojua ni kwamba sitakuwa mimi wa kumzuia, na nakusihi nawe, shabiki mwenzangu, usiwe wewe.

Jumapili njema.